Alivukaje Bahari Juu ya Nyambizi? Kutenganisha Makosa ya Mwendelezo na Mapengo ya Msuko katika Filamu za Visa na Mikasa

Jioni moja, katika ukumbi mdogo wa video mtaani Majengo hapa Goma, nilikaa nyuma ya ndugu wawili waliokuwa wakitazama Raiders of the Lost Ark, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1981 ambayo matukio yake yamewekwa katika mwaka 1936. Ilifika sehemu ambapo Indiana Jones anaogelea hadi kwenye nyambizi ya Wajerumani na kupanda mgongoni mwake. Ramani ikaonyesha safari ya baharini, na mara tukamwona mtu huyo huyo yuko kisiwani, mzima. Yule mdogo akageuka akauliza, "Yaya, huyu amevuka namna gani? Nyambizi si inaingia chini ya maji?" Mkubwa wake alimjibu kwamba bila shaka kuna kipande kilichokatwa kwenye nakala. Mzee mmoja aliyekaa pembeni alisema kwamba hilo ni kosa la waliotengeneza filamu. Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni alilimaliza swali kwa maneno mawili: "Aktere hafi," yaani shujaa wa filamu hafi.

Majibu hayo matatu yamenikaa moyoni, kwa sababu kila moja linataja chanzo tofauti. La kwanza linailaumu nakala, la pili linawalaumu mafundi, la tatu linaitaja desturi ya hadithi yenyewe. Mijadala mingi ninayoisikia kuhusu makosa ya filamu hukwama kwa sababu tunayaita yote kwa jina moja, kana kwamba shati lililobadilika rangi na mhusika aliyejua jambo kabla hajaambiwa ni watoto wa mama mmoja. Mimi naona kwamba kila kasoro ya filamu huzaliwa katika hatua fulani ya kazi: wakati wa kuandika mswada, wakati wa kupiga picha, wakati wa kuhariri, au wakati nakala inaposafiri hadi kutufikia. Mtu akishaijua hatua hiyo, ataweza kusema kama ameona kosa la mwendelezo, ambalo ni la macho, au pengo la msuko, ambalo ni la sababu na matokeo, au jambo ambalo filamu imelinyamazia tu.

Tuanze na upigaji picha, maana huko ndiko yanakozaliwa makosa mengi yanayoonekana. Filamu haipigwi kwa mpangilio tunaoutazama. Matukio yote yanayotokea mahali pamoja hupigwa pamoja, hata kama moja ni la mwanzo wa hadithi na jingine ni la mwisho, kwa sababu kuhamisha watu, taa na magari ni gharama kubwa. Tena hata tukio moja hugawanywa vipande: kwanza picha pana inayowaonyesha wote, kisha uso wa huyu, kisha uso wa yule, kisha mikono, na kila kipande hurudiwa mara kadhaa hadi mwongozaji aridhike.

Chukulia kwamba vijana wa hapa kwetu wanatengeneza filamu ambamo mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyebeba viazi anagundua bahasha ya siri katikati ya magunia. Mazungumzo yake na mnunuzi yatachukua dakika mbili tu kwenye skrini, lakini kamera ni moja. Asubuhi wanapiga picha pana: watu wawili, chukudu, na Nyiragongo kwa nyuma. Saa sita wanapiga uso wa mwendesha chukudu. Alasiri wanageuza kamera na kupiga uso wa mnunuzi, mvua inawakatiza, na sehemu iliyobaki wanaimalizia siku tatu baadaye. Wakati wa kuhariri, vipande hivyo hupokezana: sentensi ya asubuhi hujibiwa na sentensi ya alasiri, na jibu la alasiri hufuatwa na mshangao wa siku ya nne. Asubuhi kilele cha mlima kilikuwa wazi, alasiri kimefunikwa na wingu, siku ya nne barabara ina matope. Magunia yalikuwa manne, sasa ni matatu, kwa sababu mwenye viazi ameuza moja. Goma iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo kivuli cha usukani wa mbao, ambacho asubuhi kilikuwa kirefu kuelekea upande wa Masisi, saa sita kimejikunja chini ya gurudumu, na alasiri kimelalia upande wa Gisenyi. Hapo hakuna aliyefanya uzembe. Ni siku nne za dunia zilizobanwa ndani ya dakika mbili za hadithi, na kila kitu ambacho hakikuzuiwa kimeendelea na maisha yake.

Ndiyo maana mahali pa kupigia picha huwepo mtunza mwendelezo, ambaye kwetu, kwa mazoea ya Kifaransa, huitwa skripti. Huyu huandika mkono upi ulishika kikombe na katika neno lipi ulikiweka mezani, kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi, jeraha lilikuwa shavu la kulia au la kushoto na lilikuwa limekauka kiasi gani. Hupiga picha za mnato za nguo na samani kabla ya kila mapumziko, na huoanisha kumbukumbu zake na namba zinazosomwa kwenye klapu, ule ubao unaogonganishwa mwanzoni mwa kila kipande, ili mhariri ajue kipande kipi kinapatana na kipi. Naiheshimu sana kazi hii, kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani kabisa, na ikikosewa mara moja huonekana kwa miaka yote ambayo filamu itaendelea kutazamwa.

Filamu za visa na mikasa humpa mtu huyo mzigo mzito kuliko filamu za sebuleni. Shujaa hulowa, hukauka, huchanika nguo, huumia, hupoteza kofia na kuipata tena. Gari linalopinduka si gari moja bali ni magari kadhaa yanayofanana. Anayeruka kutoka farasini si mwigizaji bali ni mbadala wake. Kisha kuna safari zenyewe. Filamu The African Queen ya John Huston, iliyotoka mwaka 1951, ilipigwa kwa sehemu hapa Kongo, kwenye mto Ruiki, kwa sehemu nchini Uganda, na kwa sehemu studioni Uingereza, ambako waigizaji waliingizwa kwenye tangi kwa sababu ilihofiwa kwamba maji ya mito yetu yangewapa maradhi. Kwa hiyo mtu anaweza kuonekana juu ya mashua mtoni Afrika katika kipande kimoja, na katika kipande kinachofuata akawa ndani ya maji ya London, na sisi tunatakiwa kuamini kwamba amepiga hatua moja tu kutoka kwenye mashua hiyo. Ukiitazama tena filamu hiyo, acha kwa muda maneno ya Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, uangalie rangi ya maji na mahali mwanga unakotoka. Utaona mshono.

Swali linalofuata ni kwa nini mhariri, ambaye ndiye wa mwisho kuviona vipande vyote, huyaacha makosa yapite. Wengi hudhani kwamba hakuyaona. Mara nyingi ameyaona, na ameamua. Mhariri Mmarekani Walter Murch alieleza vigezo sita anavyovitumia kuamua mahali pa kukata, akaviwekea uzito kwa asilimia: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali macho ya mtazamaji yalipo 7, mpangilio wa vitu kwenye bapa la skrini 5, na mwisho kabisa, mwendelezo wa nafasi halisi ambamo wahusika wamesimama, 4 tu. Ukizijumlisha utapata 100, na utaona kwamba kile ambacho wawindaji wa makosa wanakikamia zaidi ndicho alichokiweka mkiani. Kama kuna vipande viwili vya uso wa mwigizaji, kimoja kikiwa na machozi ya kweli na kikombe kikiwa mkono usiofaa, na kingine kikiwa na kikombe mahali pake lakini uso ukiwa mkavu, mhariri wa aina hii atachagua machozi. Nami nakubaliana naye.

Tena anajua jambo jingine kuhusu sisi. Mwaka 1997 wanasaikolojia Daniel Levin na Daniel Simons walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa filamu fupi ya wanawake wawili wanaozungumza mezani. Waliweka ndani yake mabadiliko 9 ya makusudi kutoka kipande kimoja hadi kingine: skafu iliyotoweka, sahani zilizobadilika rangi, na mengine ya aina hiyo. Kati ya watazamaji 10 ambao hawakuonywa mapema, mmoja tu ndiye aliyesema kwamba ameona badiliko lolote. Akili ya mtazamaji haihifadhi picha nzima. Huhifadhi maana ya picha, yaani nani anamwambia nani nini, na hujaza yaliyobaki yenyewe. Kwa hiyo asiyeona makosa hana ujinga wowote. Anatazama kama binadamu anavyotazama.

Anayetaka kuyaona hana budi kwenda kinyume cha maumbile hayo. Ushauri wangu ni kutazama mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, bila kuwinda chochote, na mara ya pili kuviangalia vitu visivyojua kuigiza. Mwigizaji anaweza kurudia sentensi yake kwa sauti ile ile mara kumi, lakini mshumaa hauwezi kurefuka tena, barafu kwenye glasi huyeyuka, saa ya ukutani hutembea, nguo iliyolowa hukauka, na kivuli hakimsubiri mtu. Angalia hasa sekunde ya kwanza baada ya kila mkato, kwa sababu hapo ndipo jicho lako linatafuta uso na kuacha pembe za picha bila mlinzi. Katika Commando ya mwaka 1985, gari la njano la Porsche linaumizwa vibaya ubavuni, kisha linaondoka likiwa na ubavu mzima. Hilo ni kosa la mwendelezo kwa maana kamili ya neno: kipande A kinasema gari limebonyea, kipande B kinasema halikubonyea, na hakuna kilichotokea katikati.

Lakini si kila kitu kinachochekesha macho ni kosa la mwendelezo. Katika Gladiator ya mwaka 2000, gari la kukokotwa na farasi linapopinduka uwanjani, mtungi wa gesi huonekana nyuma yake. Hapo hakuna vipande viwili vinavyopingana. Ni kifaa cha mafundi kilichojionyesha. Vivyo hivyo katika filamu ile ya Indiana Jones, pale anapoangukia kwenye shimo la nyoka na swila akamtunishia shingo, kivuli cha nyoka huyo kilionekana kwenye kioo kilichowekwa ili kumlinda mwigizaji. Kisa ninachokipenda zaidi kati ya visa vya aina hii kimo katika North by Northwest ya mwaka 1959. Ndani ya mkahawa, mwanamke anakaribia kufyatua bastola, na kwa nyuma kabisa mvulana mdogo anaziba masikio yake kabla bastola haijatolewa. Mtoto huyo alikwisha kuusikia mlio huo tukio liliporudiwa, akajikinga. Mwili wake ulikumbuka jambo ambalo hadithi ilikuwa bado haijalisema, na katika sekunde hiyo moja tunaiona siku nzima ya kazi iliyojificha nyuma ya skrini.

Sasa tuje kwenye msuko, ambako mambo ni magumu na matamu zaidi. Pengo la msuko haliwi kwenye kitu kimoja kilichohama mahali. Linakuwa pale ambapo jambo la pili haliwezi kutokea ikiwa jambo la kwanza ni kweli. Kipimo ninachokitumia ni swali moja: je, filamu imejipinga, au imenyamaza tu? Kujipinga ni kusema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kunyamaza ni kuruka jambo ambalo lingeweza kutokea kwa njia fulani, hata kama hatukuonyeshwa. Hadithi zote hunyamaza, hata ngano za bibi zetu: sungura hutoka kwenye mto hadi kwenye shamba la fisi bila mtu kuhesabu hatua zake.

Kwa kipimo hicho, nyambizi ya Majengo ni kunyamaza. Katika mswada, Indiana Jones alijifunga kwa mjeledi wake kwenye periskopu na kusafiri hivyo. Sehemu hiyo haikubaki kwenye filamu tunayoiona. Hata bila kuijua habari hiyo, mtazamaji anayefahamu nyambizi za wakati huo ana pa kuanzia. Zilitumia injini za dizeli zilizohitaji hewa, na zilipozama zilitegemea betri zilizokwisha nguvu upesi na kuziendesha polepole, kwa hiyo zilisafiri sehemu kubwa ya safari zao zikiwa juu ya maji, zikazama zilipokuwa na sababu ya kufanya hivyo. Safari ya mtu aliyeshikilia mgongo wa nyambizi ni ya mateso, tena inahitaji bahati kubwa, lakini haipingani na chochote ambacho filamu imekisema. Kumbe kaka mkubwa hakuwa mbali sana na ukweli aliposema kwamba kuna kipande kilichokatwa, ila kilikatwa kabla filamu haijatoka kwa wenyewe.

Filamu hiyo hiyo ina fumbo jingine ambalo linastahili kutulia nalo, kwa sababu ndani yake mna pengo la uongo na kosa la kweli, moja likiwa limefichwa ndani ya jingine. Wahusika wanatafuta mahali palipofukiwa Sanduku la Agano. Ili kupajua, wanahitaji fimbo yenye medali kichwani. Fimbo ikisimamishwa kwenye chumba cha ramani, mwanga wa jua hupita kwenye medali na kuangukia mahali panapotafutwa. Wajerumani nao wana medali, tena wana watu wengi na wamekwisha kuanza kuchimba, lakini wanachimba pasipo penyewe. Kwa nini? Katika ukumbi wetu wengi walijibu kwamba wabaya hukosea kwa sababu hadithi inataka wakosee. Ukweli ni kwamba filamu imeeleza sababu, tena kwa utaratibu mzuri. Mjerumani mmoja aliishika medali ikiwa imepata moto, na alama yake ikamwunguza kiganjani. Nakala yao ilitengenezwa kutokana na kovu hilo, na kovu lina upande mmoja tu. Upande wa mbele unataja urefu wa fimbo, kadam sita. Upande wa nyuma, ambao mzee msomi anamsomea Indiana Jones usiku, unaamuru kupunguza kadam moja kwa heshima ya Mungu wa Waebrania. Fimbo ya Wajerumani ni ndefu mno, mwanga wao umeanguka mbali, na jeshi zima linachimba mchanga mtupu kwa sababu ya sentensi moja ambayo hawakuwahi kuisoma.

Kwa nini basi watazamaji wetu waliona pengo? Kwa sababu nakala tuliyokuwa tukiitazama ni ya zile zilizotafsiriwa, ambazo sauti ya msimulizi imelazwa juu ya sauti ya filamu. Msimulizi hodari huongeza utamu. Hutaja majina ya mitaa yetu, huwaonya wahusika, hucheka nao. Lakini pale mzee alipokuwa akiisoma medali, msimulizi wetu alikuwa akieleza sumu iliyomo kwenye tende zilizokuwa mezani, na ile sentensi ya kadam moja ikapita bila kusikika. Filamu haikuwa na pengo. Pengo lilizaliwa Afrika, katika hatua ya mwisho ya safari ya nakala. Nataja jambo hili kwa uzito kwa sababu wengi wetu tumezitazama filamu hizi kwa njia hiyo tangu utotoni, na tumebeba hukumu juu ya waandishi wake kutokana na maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia. Nakala zilizofupishwa kwa ajili ya televisheni huleta madhara yale yale, na mara nyingine matoleo yenyewe hutofautiana: kivuli cha swila nilichokitaja kilifutwa kwa kompyuta katika toleo la DVD la mwaka 2003, kwa hiyo mtu aliyetazama kanda ya zamani na kijana aliyetazama toleo jipya wanaweza kubishana usiku kucha, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Nimesema kwamba ndani ya fumbo hili kuna kosa la kweli. Wahusika wenyewe wanasema kwamba kadam sita ni kama inchi 72. Neno hilo linafanana na neno la Kiarabu linalomaanisha mguu, na hesabu inakubali: kadam moja ni inchi 12, yaani futi moja. Inchi 72 ni karibu sentimita 183. Ondoa kadam moja, zinabaki inchi 60, karibu sentimita 152. Fimbo ya urefu huo ingeishia karibu na mabega ya Harrison Ford. Lakini katika chumba cha ramani, fimbo aliyoishika inampita kichwa waziwazi. Hapa filamu imejipinga: masikio yameambiwa jambo moja na macho yameonyeshwa jingine. Hata hivyo mnyororo wa sababu haukukatika, kwa sababu kinachoisukuma hadithi ni tofauti kati ya fimbo mbili, na tofauti hiyo inabaki pale pale. Ninaamini fimbo ilirefushwa kwa ajili ya picha. Mtu aliyeinua medali juu ya kichwa chake akisubiri jua ana adhama ambayo mtu aliyeishika kifuani hana. Ni uamuzi ule ule wa Murch, hisia mbele na nafasi nyuma, ila safari hii umefanywa na watu waliosahau kuirekebisha hesabu.

Jurassic Park ya mwaka 1993 ina mfano mkali zaidi. Mnyama mkubwa anatoka kwenye zizi lake na kuingia barabarani akiwa amesimama kwenye ardhi iliyo sawa na barabara, na mbuzi aliyewekwa kumvutia alikuwa hapo hapo kando ya uzio. Dakika chache baadaye, mahali panapoonekana kuwa ni pale pale, gari linasukumwa ukingoni na kuanguka kwenye shimo refu lenye miti. Tukio la kwanza linahitaji tambarare ili mnyama aweze kutoka. Tukio la pili linahitaji genge ili gari liweze kuanguka. Unaweza kusema kwamba zizi lina tambarare upande mmoja na genge upande mwingine, lakini filamu haikutuonyesha mpaka kati ya sehemu hizo, na mtazamaji makini ana haki ya kuliita hilo kosa.

Kuna kundi jingine ambalo si la mwendelezo wala si la msuko, nalo ni makosa ya maarifa. Kwenye ramani za safari katika filamu ile ya Spielberg, iliyowekwa mwaka 1936, limeandikwa jina Thailand, ingawa nchi hiyo iliitwa Siam hadi mwaka 1939. Sisi wa Goma tuna eneo letu ambalo hatudanganyiki, nalo ni moto wa mlima. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 hadi ikaingia ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi kwenye viunga vya mji. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya mawe yake. Kwa hiyo tunapomwona shujaa ananing'inia mita moja juu ya mto wa lava na nywele zake hazinyauki, tunajua kwamba aliyeandika hajawahi kusimama karibu nayo, kwa sababu joto lake humfukuza mtu kabla hajaikaribia kiasi hicho. Na mbaya anapoangukia humo akazama kama aliyeanguka kisimani, kuna kosa la pili. Lava ni mwamba ulioyeyuka, mzito zaidi ya mara mbili ya mwili wa binadamu kwa ujazo ule ule. Mtu angeungua juu yake. Hangezama namna ile.

Makosa ya maarifa lazima yatenganishwe na uhuru wa mtunzi. Filamu Congo ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, ina volkano iitwayo Mukenko. Katika safu ya milima yetu ya Virunga hakuna mlima wa jina hilo. Kuna Mikeno, wenye mita 4,437, volkano iliyolala tangu zamani. Jina limebuniwa, na mtunzi ana haki ya kubuni mlima. Katika The Legend of Tarzan ya mwaka 2016, afisa Mbelgiji Léon Rom, aliyejulikana kwa ukatili wake, anauawa na mamba humu Kongo mnamo miaka ya 1890, ilhali Rom wa historia aliishi hadi mwaka 1924. Hilo pia ni la makusudi, lakini mimi binafsi haliniridhishi, kwa sababu mtazamaji wa Kongo anayeondoka akidhani kwamba mtu huyo alilipia matendo yake hapa hapa amenyimwa jambo zito la historia yake.

Mara chache kosa la maarifa huvunja msuko wenyewe, na hapo ndipo linapokuwa kubwa. Mfano bora ninaoujua hautoki kwenye filamu bali kwenye riwaya iliyozizaa filamu nyingi za namna hii, King Solomon's Mines ya Rider Haggard, ya mwaka 1885. Wasafiri wamo hatarini, na wanajiokoa kwa kutabiri kupatwa kwa jua. Katika chapa ya kwanza, usiku uliotangulia ulikuwa wa mwezi mpevu. Mtu yeyote anayeungoja mwezi kwa ajili ya mfungo anajua kwamba mwezi mpevu uko katikati ya mwezi, upande wa pili wa anga kutoka kwenye jua. Na jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwezi uwe kati yake na dunia, yaani wakati ule ambapo mwezi hauonekani kabisa. Kutoka hali moja hadi nyingine ni karibu majuma mawili. Njia yote ya wokovu wa wahusika ilikuwa imejengwa juu ya jambo lisilowezekana, na katika chapa za baadaye Haggard alilibadilisha likawa kupatwa kwa mwezi, ambako hutokea wakati wa mwezi mpevu. Hebu pima marekebisho hayo: badiliko ni dogo, lakini limeponya mnyororo mzima wa sababu.

Juma lililofuata nilirudi Majengo nikiwa na nakala yenye sauti ya asili, na mwenye ukumbi alikubali tuitazame mchana kabla ya watu kuja. Wale ndugu wawili walikuwepo. Tulisimamisha filamu kwenye maneno ya medali, nikawatafsiria kadam sita na ile moja ya kupunguza, na yule mdogo akatoka mbio kwenda kuazima futi kwa fundi cherehani wa jirani. Alipima sentimita 152 ukutani, akachora mstari kwa chaki, kisha akamwomba kaka yake asimame hapo. Mstari ulifika begani. Tukaipeleka filamu mbele hadi chumba cha ramani, tukaisimamisha Indiana Jones akiwa ameishika fimbo, medali ikiwa juu ya kofia yake.

"Basi hili ni kosa," alisema mkubwa.

"Hili ndiyo, yaya," mdogo akamjibu. "La nyambizi, hapana."